Kaka yuko Edmonton, mama yuko Mikindani: zege la urembo lipi kwa nyumba ipi?

*Shikamoo mhandisi. Ninasimamia ujenzi wa nyumba ya mama hapa Mikindani, Mtwara, kama mita mia mbili kutoka baharini. Bati limeshapigwa. Ndani jamvi, yaani zege la chini la sakafu, lipo ila halijasakafiwa, na nje, yaani baraza na njia ya gari, bado ni udongo. Hela anatuma kaka yangu anayeishi Edmonton, Kanada. Anataka nje tuweke zege la chapa, lile linalopigwa mihuri likatoka kama mawe yaliyopangwa, lipakwe vanishi ling'ae, na anasisitiza litiwe dawa ya kuingiza hewa kwa sababu bila hiyo zege halidumu. Fundi wetu hajawahi kuisikia dawa hiyo. Yeye anataka niru nyekundu, ile saruji laini ya kung'aa, kila mahali, ndani na nje, kama nyumba za zamani. Mama anatembea kwa mkongojo na hapendi kuvaa viatu nyumbani. Halafu kaka naye anasema mwezi wa nane atavunja kibaraza chake cha kule apige niru nyekundu kama ya marehemu bibi, ili akikaa nje akumbuke nyumbani. Nimsikilize nani?*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa usimamizi. Nimelisoma swali lako mara mbili. Naona umewekwa katikati ya watu wawili unaowaheshimu, mmoja ameshika hela na mwingine ameshika mwiko, na wote wanaongea kwa uhakika. Ninachokiona mimi ni kwamba kaka anajua zege la Edmonton na fundi anajua sakafu ya chumbani ya pwani. Kila mmoja anaharibikiwa pale anapokitoa anachokijua mahali pake. Kaka anakuletea dawa ya baridi kwenye joto, kisha anataka kuipeleka sakafu ya bibi kwenye theluji.

Nianze na kibaraza cha kaka, maana kule ndiko kosa litakakoonekana haraka, na ukikielewa kinachotokea kule, cha Mikindani hakitakusumbua.

Jaza chupa ya maji mpaka shingoni, ifunge, ilaze kwenye friza usiku kucha. Kila anayeuza barafu Mtwara anajua atakuta nini asubuhi: chupa imetuna tumbo, pengine imepasuka. Maji yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, kwa hiyo lita 10 za maji zinataka nafasi ya karibu lita 11. Sasa zege, hata lililo zuri, lina vinjia ndani yake, vyembamba kuliko unywele. Ni njia zilizoachwa na maji ya kuchanganyia ambayo saruji haikuyatumia. Mvua au theluji iliyoyeyuka huingia kwa njia hizo hizo. Vinjia vikishajaa, kisha usiku baridi ikashuka chini ya sifuri, kila kinjia kinakuwa chupa ndani ya friza. Zege linasukumwa kutoka tumboni mwake.

Usiku mmoja hauliharibu. Kinacholiua ni kurudiarudia. Edmonton baridi inaweza kushuka hata kupita nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini baridi kali inayotulia wiki nzima hailichoshi zege kama siku za mwanzo na za mwisho wa majira ya baridi, pale mchana theluji inayeyuka na usiku maji yanakuwa barafu tena. Kila mzunguko unafungua ufa mdogo, na maji ya mchana unaofuata yanaingia ndani zaidi kidogo. Halafu kuna chumvi wanayomwaga kuyeyusha barafu ili watu wasiteleze. Chumvi hiyo hulifanya zege libaki limelowa muda mrefu, na ngozi ya juu huanza kutoka magamba, kipande baada ya kipande, mpaka kokoto zinachungulia.

Hapo ndipo dawa ya kaka inapopata maana. Huko Marekani, miaka ya 1930, iligundulika kwamba baadhi ya barabara zilikuwa zinastahimili baridi kuliko nyingine, na sababu ikawa mafuta kidogo yaliyoingia kwenye saruji wakati wa kusagwa. Mafuta yale yalitengeneza mapovu madogo mno ndani ya zege. Mapovu hayo ni nafasi tupu, vyumba vya kukimbilia: barafu inapotanuka, maji yanayosukumwa yanaingia humo badala ya kupasua zege. Leo wanatia dawa maalumu, na zege la nje la Kanada linaloguswa na chumvi hutakiwa liwe na hewa ya asilimia 5 hadi 8 kwa kokoto za kawaida, nguvu isiyopungua megapaskali 32, na uzito wa maji usiozidi asilimia 45 ya uzito wa saruji. Kwa hiyo kaka hakosei. Kwa nyumba yake, anachosema ni sharti.

Ila kwa niru ya nje, mwambie asithubutu. Niru ni uji wa saruji tupu unaopakwa na kukandamizwa kwa mwiko wa chuma mpaka unang'aa. Haina mchanga wala kokoto ya kuishikilia, haina mapovu ya hewa, na inaposinyaa inasinyaa kuliko zege lililo chini yake. Mwiko wa chuma nao hufunga ngozi ya juu mapema na kuyanasa chini yake maji yanayopanda. Ndani ya nyumba hayo yote yanavumilika. Nje, mahali penye barafu, umetengeneza ngozi iliyoziba juu ya kitanda kilicholowa.

Nimewahi kuiona ngozi ya namna hiyo ikibanduka, na si Kanada, ni Makete, ambako nilifanya kazi kabla ya kurudi kusini. Kule mwezi wa sita na wa saba asubuhi unaweza kukuta nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Mwenye nyumba mmoja alipigiwa niru nyeusi kwenye ngazi za nje. Niliokota ganda lake kwa ncha ya bisibisi: jembamba kama sarafu, juu linang'aa kama kioo, chini limelowa na limeshika chembe za mchanga. Baridi ya Makete ni ya kuonja tu ukiilinganisha na ya Edmonton, na hata hivyo niru ile ilikuwa imeinuka kama ganda la kitunguu.

Asikate tamaa lakini, wekundu wa bibi anaweza kuupata kwa njia nyingine. Rangi nyekundu ya sakafu zetu ni oksidi ya chuma, yaani kutu hasa iliyosagwa ikawa unga, ndiyo maana haipauki kwa jua: imeshamaliza kuota kutu. Amwombe fundi wa kule auchanganye unga huo ndani ya zege lote, si juu tu. Kiasi cha asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa saruji kinatosha, na ikishapita 10 unatupa hela bila kuongeza rangi. Zege liwe na ile hewa, limwagwe, lisawazishwe, kisha livutwe ufagio juu likabaki na mistari midogo. Likikwaruzwa, chini yake ni nyekundu vilevile. Halitang'aa kama la bibi, na hilo inabidi alikubali. Akitaka mng'ao, ausogeze sebuleni kwake, ambako hakuna barafu. Kule wengine hupitisha mabomba ya maji ya moto ndani ya zege la sakafu, wakaweka tabaka la kuzuia baridi chini yake, na sakafu ya zege iliyong'arishwa inakuwa vuguvugu majira yote ya baridi. Hapo niru ya bibi, au zege jekundu lililosagwa kwa mashine, litakaa miaka mingi.

Kuhusu zege la chapa kule kwake: linawezekana, na watu wengi wanalo, ila lina hatari mbili ambazo wauzaji hawazitangulizi. Ya kwanza ni vanishi. Vanishi ya kung'aa hutandaza utando juu ya zege, na unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa chini ya utando huo, ukageuka barafu hapo hapo. Afadhali dawa ya kunywewa na zege, ya jamii ya sileni na siloksani, ambayo haiachi utando. Inazuia maji yasiingie lakini mvuke unatoka. Hatari ya pili ni kiraka. Zege la kawaida likibanduka mahali unaweza kuliziba na maisha yakaendelea. Zege la chapa likibanduka, kiraka hakifanani kamwe na kilichokizunguka, si rangi, si chapa.

Sasa turudi Mikindani.

Hapa hakuna barafu, kwa hiyo dawa ya hewa iacheni. Na si kwamba itakuwa haina faida tu. Kila asilimia moja ya hewa inapunguza nguvu ya zege kwa asilimia 5 hivi. Ukitia asilimia 6 umepoteza zaidi ya robo ya nguvu ya zege lako, kwa kinga dhidi ya adui asiyefika Mtwara. Fundi wenu kutoijua si ujinga, hajawahi kuihitaji.

Lakini usifikiri kwamba zege la Mikindani halina adui. Adui yenu ni upepo. Kusi na kaskazi zote zinapita juu ya bahari kabla ya kufika kwenye ukuta wa mama, na zinabeba chumvi. Chumvi ikishuka na unyevu ndani ya zege mpaka kwenye nondo, nondo inaota kutu, na kutu inataka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichokuwepo. Linganisha na ile asilimia 9 ya barafu. Zege linapasuka kutoka ndani vilevile kama la Edmonton, tofauti ni kwamba huku inachukua miaka badala ya msimu, na alama ya kwanza ni mstari wa kahawia unaofuata nondo ilipolala.

Ukipata nafasi ya kufika Kilwa Kisiwani, tazama Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kuta za matumbawe na chokaa za enzi hizo, ingawa nyingi zimebomoka, bado zimesimama kwenye upepo ule ule wa chumvi. Zina sababu nyingi za kudumu, ila moja inatuhusu leo: ndani yake hamna nondo. Chumvi imekosa chuma cha kula.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa nje ya nyumba ya mama utamshangaza fundi: msiweke nondo kwenye zege la baraza lililolala ardhini wala kwenye njia ya gari dogo. Shindilieni udongo vizuri kwa maji na shindilio, tabaka kwa tabaka. Zege la baraza liwe na unene wa milimita 100, la njia ya gari 125, na mlikate maungio kila baada ya mita 2.5, kwa kina cha robo ya unene. Zege likisinyaa litapasuka kwenye mkato, mahali mlipolitayarishia, na jicho halitaona. Mikato hiyo hiyo inaweza kuwa urembo, ikipangwa kama vigae vikubwa. Penye lazima ya nondo, kama ngazi zinazoning'inia au kifuniko cha shimo la maji taka, nondo ifunikwe na zege la milimita 50 kila upande, na vile vitofali vya kuinulia nondo viwe vya saruji, si vijiwe vya kuokota.

Ndani, mpe fundi haki yake. Niru nyekundu sebuleni na vyumbani ni chaguo zuri kwa joto letu, ni baridi miguuni, haina maungio ya kukusanya uchafu, na mama ameizoea. Kuna mambo mawili ya kumsimamia. Niru ipigwe siku ile ile ambayo sakafu ya mchanga na saruji inawekwa, ikiwa bado mbichi, zishikane ziwe kitu kimoja. Mafundi wengi husakafia leo, wakarudi wiki ijayo kupaka niru juu ya sakafu iliyokwisha kukauka, na hapo ndipo zinapotokea zile sehemu ambazo ukizigonga kwa ufunguo zinalia kama debe tupu. Pili, uliza kama chini ya jamvi iliwekwa nailoni ya kuzuia unyevu. Kama haikuwekwa, unyevu wa ardhi utapanda na kuleta ukungu mweupe wa chumvi juu ya wekundu wako. Ukungu huo si uchafu, hauishi kwa kufuta. Kabla ya kusakafia, bandika kipande cha nailoni cha mita moja juu ya jamvi, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Ukikibandua ukakuta matone chini yake, simamisha kazi kwanza, na nitaeleza chini nani wa kumwita.

Kama hela ya kaka inaruhusu, terazo, yaani sakafu ya saruji yenye vipande vya mawe inayosagwa ikang'aa, ni bora zaidi ya niru. Vipande vya mawe ndivyo vinavyobeba kusuguliwa, na ikichakaa inasagwa upya. Inataka mashine na fundi mzoefu, basi.

Sakafu yoyote ya saruji ina udhaifu mmoja ambao watu wa kusini tunapaswa kuujua kuliko wengine: haipendani na uchachu. Maji ya mabibo, ndimu, ukwaju na siki yanaila chokaa iliyomo ndani ya saruji na kuacha doa lisilotoka. Msimu wa korosho, kazi ya kukamua mabibo ifanyike uani.

Nje, hapana kwa niru, hata Mikindani. Haitabanduliwa na barafu, lakini mvua ya kwanza ya Desemba itaigeuza kuwa sabuni. Mzee mwenye mkongojo, miguu mitupu, sakafu laini iliyolowa: hilo sihitaji kulieleza. Miaka michache iliyopita niliitwa Lindi mjini kuangalia baraza la zege la chapa lililopakwa vanishi mara tatu ili liwe kama kwenye picha. Lilikuwa zuri kweli. Mwenye nyumba alikuwa ameshatandika magunia kutoka getini mpaka mlangoni, kwa sababu mtoto na bibi wa nyumba walikuwa wameshaanguka, na bibi alivunjika mkono. Vanishi ilikuwa imeanza kufanya weupe, unyevu umenaswa chini yake. Tuliikwangua yote kwa siku nne. Tangu hapo kila anayeniambia neno "ling'ae" kwa zege la nje namuuliza kwanza nani anaishi ndani ya nyumba hiyo.

Je, chapa bila vanishi ya kung'aa? Kwa Mtwara inawezekana, lakini niseme ukweli wa kazi yenyewe. Mihuri inagandamizwa zege likiwa limeanza kushika ila bado linakubali kidole. Mahali pa baridi kipindi hicho kinaweza kuwa saa kadhaa. Kwenye jua letu ni kifupi mno, na upande wa mwanzo unaweza kuwa umeshakuwa mgumu kabla hamjamaliza upande wa pili. Inahitaji kundi la watu wanaojua wanachofanya, wakimwaga alfajiri, vipande vidogovidogo. Fundi anayejifunzia kwenye baraza la mama atakuachia nusu ya chapa iliyozama na nusu isiyoonekana. Vilevile mifereji mirefu ya chapa hunasa ncha ya mkongojo.

Mimi ningefanya hivi. Baraza la mama liwe zege jekundu, rangi ikiwa imechanganywa ndani kama nilivyomwelekeza kaka, na juu livutwe ufagio wa chelewa, kukata njia anayopita mtu na si kuifuata, ili kila mstari uwe breki ya unyayo. Ufagio wa chelewa unaacha mistari laini isiyokwaruza mguu. Kingo ya kila ngazi iwe na utepe wa rangi ya saruji tupu, upana wa vidole vitatu, maana macho ya uzeeni hayatofautishi ngazi mbili za rangi moja jioni. Msichague nyeusi, adhuhuri itaunguza nyayo.

Njia ya gari ndipo mahali pa kumfurahisha kaka, kwa zege la kokoto wazi. Mnamwaga zege, mnatawanya changarawe ndogo za mviringo juu na kuzididimiza kwa ubao. Baada ya saa chache, zege likiwa limeshika kiasi kwamba changarawe hazing'oki, mnalisugua kwa brashi na kunyunyiza maji kidogo mpaka mawe yatokeze theluthi moja ya unene wake, si zaidi. Linapendeza zaidi likilowa, halitelezi, na fundi mzuri wa hapa anaweza kulifanya bila mihuri ya kuagiza. Kule kwa kaka pia hutumika sana, kwa sharti la hewa na la mawe magumu yasiyonyonya maji. Kwenu sharti ni mawe yasiwe matumbawe. Matumbawe yana matundu na chumvi yake. Nendeni kwenye mawe magumu ya bara, ya upande wa Masasi, hata kama gari la kokoto litagharimu zaidi.

Mchanga nao. Usikubali mchanga wa ufukweni, hata ukiambiwa umeoshwa. Tia mchanga mpaka nusu ya chupa, jaza maji, tikisa, iache usiku. Tope litatua juu ya mchanga, na likizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, rudisha gari. Halafu weka chembe ulimini uonje kama una chumvi, wazee walikuwa wanafanya hivyo na walikuwa sahihi.

Kuna jambo ambalo Edmonton na Mikindani vinakubaliana neno kwa neno, nalo ni maji. Ile asilimia 45 ikiwekwa kwenye mfuko wa kilo 50 ni lita 22 na nusu, pamoja na unyevu uliomo tayari kwenye mchanga. Ni ndoo moja kubwa na kidogo. Ukisimama kando ya zege linalochanganywa utaona lita 30, hata 35, zikiingia ili koleo liwe jepesi. Kila lita ya ziada inaacha vinjia vingine. Kule barafu itavijaza, huku chumvi. Ukitaka kusimamia jambo moja tu siku ya kumwaga, simamia ndoo. Zege likiwa gumu mno kufanyika, kuna dawa za kulilainisha bila maji, dukani watakupa.

Likishamwagwa, lifunikeni kwa nailoni au magunia yaliyolowa siku 7 kamili, asubuhi na jioni mnanyunyiza. Zege likikauka haraka juani linabaki bichi ndani ya nafsi yake na uso wake unakuwa vumbi. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Jaribuni kumaliza kabla ya Desemba, mvua isije ikaosha rangi ya zege bichi. Baada ya siku 28 pakeni ile dawa ya kunywewa, siyo vanishi. Ukiikosa Mtwara, agiza Dar es Salaam. Kuijaribu kama inafanya kazi, tonesha maji: yakisimama kama shanga, sawa, yakinywewa na kuacha doa jeusi, rudia.

Mwite mhandisi afike kwa miguu yake, usinitumie picha, mkikuta yafuatayo: matone chini ya ile nailoni ya majaribio, ufa unaopitisha sarafu au ambao upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, mstari wa kahawia kwenye nguzo au rinta (boriti ya juu ya milango na madirisha), au kama nyumba imekaa juu ya kifusi kilichojazwa bila kushindiliwa. Hayo ni ya msingi na ardhi, urembo hauyatibu. Anzeni kwa mhandisi wa halmashauri. Kaka naye asimwage zege kwa kuangalia video. Amtafute fundi wa zege wa mji wake, aone mabaraza aliyoyajenga ambayo yameshapita angalau majira matano ya baridi, na siku gari la zege likifika asome kwenye karatasi ya mzigo kama hewa na nguvu alizoagiza ndizo zilizoletwa. Mwezi wa nane ni mzuri, zege litapata wiki za kukomaa na kukauka kabla ya barafu ya kwanza. Akichelewa mpaka wa kumi, bora asubiri mwaka ujao.

Kabla fundi wenu hajaanza, mwambie amwage kipande cha majaribio uani, nusu mita kwa nusu mita, chenye rangi na mistari ya ufagio mnayoitaka. Kikae wiki moja, kimwagieni maji, mama akikanyage bila viatu akiwa na mkongojo wake, wewe ukimshika mkono. Akisema kinakwaruza, punguzeni. Akisema kinateleza, ongezeni. Mpigie kaka picha ya mguu wa mama juu yake, na umwambie kwamba majira yake ya kwanza ya baridi kibaraza chake kipya kisiguswe na chumvi, atumie mchanga mkavu.